Kisanduku cha Milimita Moja

Siku majibu ya picha ya kwanza yalipotoka, mume alicheka kwa sauti mle koridoni mpaka muuguzi akamtupia jicho. Majibu yalisema ubongo ni mzima: hauna uvimbe, hauna kovu, hauna damu iliyovuja. Alimshika mkewe mabega akamtikisa kidogo, kama anayemwamsha mtoto asubuhi ya safari.

"Umesikia? Huna kitu, mke wangu. Huna kitu kabisa!"

Mkewe alitabasamu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke mrefu, si msemaji sana, ambaye wanafunzi walimbatiza Madam Desimali kwa sababu hakuwahi kumsamehe mtu nukta iliyokaa pasipo pake. Jina lilimganda. Walimu wenzake walimwita hivyo, na hata mumewe, akitaka kumchokoza, alimwita hivyohivyo. Alitabasamu, lakini moyoni alijiuliza swali moja tu. Kama sina kitu, ile harufu inatoka wapi?

Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua. Ilimjia bila kubisha hodi, akiwa jikoni, akiwa anasahihisha madaftari, akiwa amesimama mbele ya darasa na chaki mkononi. Ikishafika, kitu kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, halafu dunia inakatika. Akirudi anakuta chai imepoa, au sentensi aliyoianza imeachwa njiani, na watu wanamtazama. Wanafunzi ndio waliokuwa wa kwanza kuona. "Madam amekwama," walinong'onezana, mwanzoni kwa kicheko, baadaye bila kicheko.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa mtaa wa pili, na saa ambazo mkewe yuko macho yeye mara nyingi alikuwa kazini au amelala. Alimwona amekwama mara chache, akadhani ni mawazo. Mtu mwenye madarasa manne na mtoto mdogo hakosi mawazo.

Kwa hiyo maneno "huna kitu," ambayo siku ile yalikuwa zawadi, yakaanza polepole kugeuka shitaka. Harufu haikukoma. Mkuu wa shule alimwita ofisini, akamfungia mlango, akamshauri kwa upole achukue likizo apumzishe akili. Dada wa mume, ambaye alikuwa na ulimi usiojua breki, hakuwa na upole huo. "Wifi yangu ana maigizo," alimwambia kaka yake sebuleni, wifi mwenyewe akiwa jikoni anasikia. "Mashine nzima kama nyumba imemmulika kichwa, imesema mzima. Sasa anaumwa nini ambacho mashine haikioni? Anataka kudekezwa huyo."

Mume alimkanya dada yake, lakini alimkanya kidogo.

Kisha likatokea la barabarani. Ilikuwa Jumamosi, mama na binti yao wa miaka sita wanakwenda kununua viatu vya shule. Walifika ukingoni mwa barabara kubwa, mama ameshika mkono wa mtoto, wanangoja magari yapungue. Mpira ukaanza kuungua. Alichokumbuka baada ya hapo ni mkono wake mtupu, watu wanapiga kelele, lori limesimama mshazari katikati ya njia, na upande wa pili muuza magazeti amembeba binti yake anayelia kwa kwikwi. Mtoto hakuwa na hata mchubuko. Alikuwa amechoka kungoja, akavuka mwenyewe.

"Mama yake alikuwa amesimama tu," watu walimweleza mume alipofika anahema, aproni ya unga bado kiunoni. "Anachezea kifungo cha gauni. Tunamwita, hata hageuki."

Nyumbani mume alisubiri mtoto alale mchana ndipo akasema.

"Ulimwachia mkono."

"Sikumwachia. Sikuwepo."

"Ulikuwepo! Watu wamekuona kwa macho yao."

"Mwili ndio ulikuwepo. Nimekueleza mara ngapi? Inakuja harufu, halafu sipo. Siwezi kukueleza vizuri kuliko hivyo." Kisha akamuuliza taratibu, "Unaniamini mimi au unaiamini picha?"

Mume alikuwa na hofu bado mwilini, hofu ya lori na ya mtoto, na hofu hiyo ndiyo iliyojibu kabla yake.

"Picha haina sababu ya kunidanganya."

Mume aliposema kwamba mtoto akae kwa shangazi yake kwa muda, hadi mambo yatulie, mke mwenyewe ndiye aliyepanga nguo za binti kwenye begi, soksi kwa soksi, akaongeza na mwanasesere aliyekatika mguu. Tangu siku hiyo waliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Chai iliwekwa mezani, salamu zilitolewa, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

Mke alitafuta daktari wa ubongo peke yake, katika hospitali nyingine, upande wa pili wa mji. Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye kipara na sauti ndogo. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Mwalimu, nusu ya habari hii hunayo wewe. Anayo mtu aliyekuona. Njoo naye."

Mume alikuja shingo upande. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mtoto. Daktari hakumuuliza kama anamwamini mkewe. Alimuuliza alichoona.

"Anatazama tu," mume alisema. "Macho wazi. Mdomo unakuwa kama... kama anaonja kitu. Hivi." Alionyesha, akaona haya. "Na mkono mmoja unapapasa nguo, unatafuta kifungo."

"Mkono upi?"

Mume alifikiri. "Wa kushoto. Kila mara wa kushoto."

"Na baada yake?"

"Anakuwa mchovu. Maneno yanampotea. Siku moja aliniomba nimpe 'kile cha kunywea,' kikombe kiko mbele yake."

Daktari aliitikia kwa kichwa, kwa kuridhika, si kwa furaha. "Kaka, hicho unachonieleza ni kifafa."

"Kifafa? Mbona haanguki? Hatoki povu?"

"Kiko kifafa kisichomwangusha mtu. Kinaanzia mahali padogo ubongoni na kinaishia hapohapo, mara nyingi. Na hakuna mwigizaji anayekumbuka kutumia mkono uleule kila mara kwa miaka miwili, wakati hata yeye mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo."

Mke aligeuza uso akatazama ukutani, palipokuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Mume alifungua mdomo. "Lakini picha, daktari..."

"Picha nimeiona." Aliigeuza kompyuta waione. "Ilipigwa kutafuta vitu vikubwa: damu, maji, uvimbe wa kutisha. Na kweli havimo. Aliyeisoma hakukosea. Lakini vipande vyake ni vinene. Ninachokitafuta mimi huenda ni kidogo kuliko unene wa kipande kimoja. Nataka ipigwe tena, kwa namna nyingine."

Ndivyo walivyofika kwa Dada Tulia.

Alikuwa mpiga picha mkuu wa chumba cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu vya mpira visivyo na sauti. Jina hilo alilipata kwa neno alilolisema kutwa nzima kwenye maikrofoni: tulia, tulia mama, tulia baba, bado kidogo. Aliwakaribisha katika chumba cha kuongozea mashine, chumba chembamba chenye baridi, chenye kioo kipana kinachotazama ndani. Nyuma ya kioo ilikuwa mashine yenyewe, pete kubwa nyeupe yenye tundu katikati, ikikoroma kwa mbali hata wakati haifanyi kazi.

"Mwalimu, mimi sipendi kumwingiza mtu humo bila kujua ninachomtafutia," alisema. "Nikueleze?"

"Nieleze."

Dada Tulia alifungua picha ya zamani, akaikuza, akaikuza tena, mpaka ubongo ukapotea na skrini ikabaki miraba ya kijivu, mingine myeupe kidogo, mingine myeusi kidogo.

"Hii miraba mnaijua, hata kwenye simu ipo. Pikseli. Lakini huku kwetu kila mraba una kina. Si mraba, ni kisanduku. Tunakiita vokseli. Picha yote ni visanduku vilivyopangwa, na kila kisanduku mashine inakipa rangi moja tu. Moja."

"Kama mkate wa zabibu," mume alisema ghafla. "Ukikata silesi nene, zabibu inaweza kubaki katikati usiione."

"Unakaribia, kaka. Ila hapa hatuoni uso wa silesi peke yake. Silesi nzima inasagwa, zabibu na mkate pamoja, halafu tunaonyeshwa rangi ya mchanganyiko. Kama zabibu ni ndogo na mkate ni mwingi, rangi inatoka ya mkate."

"Wastani," mke alisema.

Dada Tulia akamgeukia.

"Kila kisanduku ni wastani wa vilivyomo," mke aliendelea, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sauti yake ikawa ile ya darasani. "Mwanafunzi mmoja kapata sifuri, thelathini na tisa wamepata sabini. Wastani wa darasa unakuja sitini na nane na kitu. Mkuu wa shule anafurahi. Yule wa sifuri hayumo popote kwenye ripoti, lakini yupo, kakaa dawati la nyuma." Alinyoosha kidole kwenye skrini. "Visanduku vyangu vilikuwa na ukubwa gani?"

"Milimita moja kwa milimita moja kwa juu, lakini kina chake milimita tano. Na kati ya kipande na kipande waliruka nafasi, ili kazi iishe haraka. Si kosa. Foleni huwa ndefu, na wagonjwa wengi picha hiyo inawatosha."

Mume alikuwa anatazama ile miraba ya kijivu kama mtu aliyeonyeshwa saini yake kwenye hati asiyoikumbuka.

"Sasa daktari ameandika visanduku viwe vidogo kadiri iwezekanavyo," Dada Tulia alisema, akiinuka. "Kazi yako wewe mwalimu ni moja. Kutotikisika. Kisanduku kikiwa kidogo, hata kumeza mate kunaweza kuharibu. Na kaka, wewe ukitaka unaweza kuingia naye. Vua saa, mkanda, toa funguo, simu, kila chenye chuma. Utakaa miguuni kwake."

Mume alimtazama mkewe kwa kumuomba ruhusa. Mke alimaliza kuvua hereni zake, halafu akasema, "Aingie."

Alilazwa, masikio yakazibwa, kichwa kikafungwa ndani ya ngome ya plastiki iliyofanana na kofia ya mpanda pikipiki isiyo na kioo. Mkononi alipewa kipira cha kubonyeza akizidiwa. Kitanda kikateleza hadi ndani. Mume, naye masikio yameziba, alikaa kwenye kiti cha plastiki na kuuweka mkono wake juu ya kifundo cha mguu wa mkewe. Alihisi ngozi ikishtuka, kisha ikalegea.

Mashine ikaanza. Iligonga, ikanguruma, ikalia kama honi iliyokwama, ikanyamaza, ikagonga tena kwa mdundo mwingine. Mke alifumba macho akaanza kuhesabu namba tasa, kwa sababu hizo hazikuwa na wimbo na zilimlazimisha kufikiri. Hakutikisika.

Dada Tulia, kwenye skrini yake, aliona picha ikitokea na moyo ukamwanguka. Alikuwa ameichukua kauli ya daktari neno kwa neno: nusu milimita kila upande. Na picha ilikuwa imejaa chenga, kama televisheni isiyo na antena. Ubongo ulikuwepo, lakini nyuma ya mvua ya nukta. Alimwita daktari, naye akashuka ngazi, akainama mbele ya skrini kwa muda mrefu.

"Hapa siwezi kusema kitu," daktari alisema. "Naweza kuona ninachokitaka, na hiyo ndiyo hatari."

Dada Tulia aliwasha maikrofoni. "Mwalimu, umetulia vizuri sana. Kosa ni langu, nimebana mno. Kisanduku kikiwa kidogo, sauti ambayo mashine inaisikiliza ndani yake ili ichore picha nayo inakuwa ndogo. Nimekata nusu kila upande..."

"Moja ya nane," sauti ya mke ilitoka ndani ya mashine, imefifia. "Nusu, mara nusu, mara nusu."

"Hapo hapo. Sauti imebaki sehemu moja ya nane, na makelele ya mashine ni yaleyale, kwa hiyo makelele yameshinda. Ili nikuone vizuri kwa kipimo hicho ningelazimika kukuweka humo mpaka kesho. Narudi kwenye milimita moja. Moja kila upande, bila kuruka mahali. Hicho kinatosha kuona na kinatosha kusikia. Unaweza kuendelea?"

"Endelea."

Mara ya pili ilifika katikati. Mume alihisi kwanza kwenye kifundo: misuli ilikaza, si kwa maumivu, ila kama ya mtu anayesikiliza. Halafu akaona mkono wa kushoto. Ulikuwa umelala ubavuni. Ukaachia kile kipira, ukaanza kupapasa gauni la hospitali, ukitafuta kifungo. Gauni hilo halikuwa na vifungo. Vidole vilitafuta, vikarudi, vikatafuta tena.

Alipunga mikono yote miwili kuelekea kwenye kioo. Mashine ikakatika, mlango ukafunguliwa, kitanda kikatoka. Dada Tulia na muuguzi walimfungua kichwa, wakamgeuza ubavu. Mume alipiga magoti sakafuni, uso wake ukawa karibu kabisa na uso wa mkewe. Macho yalikuwa wazi na yalimtazama, lakini hayakuwa na mtu. Alikuwa ameishi na macho hayo miaka tisa, ameyaona yakicheka, yakikasirika, yakisinzia, na hakuwahi kuyaona hivi, kwa sababu hakuwahi kusogea karibu kiasi hiki. Midomo ilionja kitu kisichokuwepo.

"Nipo hapa," alimwambia, ingawa alijua hasikii. "Nipo. Nipo hapa."

Ilipita. Mke alipepesa macho, akamtazama, akatafuta neno. "Ile... ya ukutani. Inayoonyesha..."

"Saa?"

"Saa. Saa ngapi?"

"Usijali saa."

Daktari alimpima, akamuuliza jina lake na siku ya leo, akasema basi, warudi wiki ijayo. Mke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, blanketi mabegani, nywele zimebonyea upande mmoja. Aliomba maji. Alipomaliza kunywa alisema, "Nikipumzika kidogo nitarudi humo ndani."

"Mwalimu, huna haja ya kujitesa," Dada Tulia alisema.

"Mtoto wangu analala kwa watu," alijibu. "Nitarudi humo ndani leo."

Wakamwacha apumzike. Mumewe alisimama karibu naye na mikono yake mikubwa isiyojua pa kukaa. Alitaka kusema jambo, na mke akaliona likimjia usoni, akatikisa kichwa. Si sasa.

Mara ya tatu mashine iligonga, ikanguruma, ikalia, na yeye akalala humo kama jiwe. Mume hakuondoa mkono kwenye kifundo chake. Dada Tulia hakusema "tulia" hata mara moja.

Waliitwa siku mbili baadaye. Daktari wa ubongo alikuwa na mwenzake, mwanamke mwenye miwani ambaye kazi yake ni kusoma picha, na mezani kulikuwa na skrini mbili. Kwenye moja ile picha ya zamani, kwenye nyingine mpya. Daktari wa picha alisogeza ile mpya taratibu, kipande baada ya kipande, akasimama.

"Hapa. Ndani ya upande wa kulia, nyuma ya sikio ukiingia ndani kabisa."

Ilikuwa nukta nyeupe, ndogo kama punje ya mtama, imezungukwa na kijivu. Hata mume aliiona bila kuonyeshwa mara ya pili.

"Kinaonekana ni kivimbe cha aina inayokua polepole sana. Pengine ameishi nacho tangu utotoni. Na hapa," akageukia skrini ya zamani, "ndipo mahali palepale. Mnaona?"

Hawakuona. Daktari wa picha akaikuza. Palikuwa na visanduku virefu vya kijivu, na kimoja kilikuwa cheupe kuliko jirani zake kwa kiasi ambacho mtu angeapa ni vumbi kwenye kioo.

"Kilikuwemo," alisema. "Kimechanganywa na vilivyokizunguka. Ningekuwa mimi niliyeisoma picha ile, nami ningeandika ni safi."

Kisha mke akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akafunika mdomo. Alifikiri angejisikia ameshinda. Kila siku tangu lile la barabarani alikuwa akiifikiria saa hii, picha itakapomtetea na wote waliomwita mwigizaji watakapoinamisha vichwa. Sasa imefika, na alichokiona mbele yake ni uvimbe ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Tunaweza kukitoa," daktari wa ubongo alisema. "Kwa picha hii tunajua mipaka yake. Wengi wanaofanyiwa hivi, vipindi vya kifafa vinakoma au vinapungua sana. Lakini sikufichi, mwalimu. Ni karibu na sehemu za kumbukumbu. Huenda vitu vingine vikapotea. Sura za watu, njia, mahali ulipoweka kitu. Dawa nazo ni njia, tunaweza kuanza nazo, ila kwa aina hii mara nyingi hazitoshi."

Mume alimtazama mkewe. Alikuwa amejifunza kitu, maana hakusema alichofikiri. Alingoja.

"Hesabu je?" mke aliuliza.

"Hesabu ziko kwingine. Naamini zitabaki."

"Nipeni siku chache."

Nje, kwenye benchi la saruji karibu na lango la hospitali, ndipo mume alipolisema lile jambo. Hakulipamba. "Niliiamini picha nikakuacha wewe. Sina la kujitetea."

Mke alikuwa anatazama gari la wagonjwa likirudi nyuma kwa shida kati ya nguzo mbili.

"Unajua kilichoniuma?" alisema. "Si kwamba hukujua. Hata mimi sikujua. Ni kwamba ulipata maneno mawili kwenye karatasi, ukaacha kunitazama. Hukuja karibu hata ukaona mkono upi."

"Niliona mkono upi."

"Uliona, lakini hukujua umeona mpaka mtu mwingine alipokuuliza."

Mume aliinamisha kichwa, na mabega yake mapana yakaanza kutetemeka. Mke hakumkumbatia, lakini hakuondoka pia. Alimwacha alie mpaka amalize, kisha akampa leso.

"Nenda kamchukue mtoto," alisema. "Leo. Na dada yako mweleze wewe mwenyewe, mimi sina nguvu za kumweleza."

Shangazi alipoelezwa, ulimi wake uligoma kwa mara ya kwanza. Alikuja mwenyewe amembeba mtoto, akasimama mlangoni, akasema, "Wifi, nilikukosea," na wifi yake akamjibu, "Ndiyo, ulinikosea. Ingia, chai ipo." Ikawa hivyo tu.

Mke alichagua upasuaji. Alifanyiwa mwanzoni mwa msimu wa mvua, na kivimbe kilitoka chote. Kilipochunguzwa hakikuwa kibaya. Harufu ilirudi mara moja, wiki ya pili, dhaifu, haikufika popote, kisha haikurudi. Daktari alimwambia wasiseme amepona mpaka miaka ipite, ila yeye mwenyewe alianza kulala usingizi ambao alikuwa ameusahau.

Yapo yaliyopotea. Alipoteza njia za mji alioishi maisha yake yote. Ilimbidi aelekezwe sokoni kama mgeni. Siku moja, akiwa na mumewe, alikutana na mwalimu mwenzake, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, na walipofika nyumbani akamuuliza mumewe, "Yule mwanamke mwenye mkoba mwekundu ni nani?" Mume alimtajia. Jioni hiyo mke alipekua albamu ya picha za shule, maana walikuwa wamekaa naye ofisi moja miaka mitano. Lakini hesabu zilibaki, kama alivyoahidiwa, na muhula uliofuata shule ilimpa madarasa mawili badala ya manne. Wanafunzi aliwakariri kwa mahali wanapokaa, na aliyehama dawati bila taarifa alikiona cha moto.

Nyumbani mambo hayakurudi yalivyokuwa. Alimweleza mumewe wazi kwamba hana kinyongo, ila moyo wake bado haujarudi wote. Mume alilipokea hilo, kwa sababu ilikuwa kweli. Alipanga upya kazi za tanuri, akamwajiri mtu wa zamu ya asubuhi, ili awe nyumbani mkewe anapoamka. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimwekea chai, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Umeamkaje?"

Mwanzoni mke alijibu kama watu wote wanavyojibu, salama, nzuri, namshukuru Mungu. Mume hakuinuka. Alibaki pale, mikono imezunguka kikombe, anamtazama. Ikachukua wiki nyingi kabla mke hajaelewa kwamba anangoja jibu la kweli. Asubuhi moja alishusha pumzi, akasukuma kikombe pembeni, akaanza kumweleza.